Seli Haina Muhuri wa Kudumu

Mfano wa jeshi umetuharibia somo. Redioni, kwenye karatasi za matangazo ya virutubisho, hata katika madaftari ya wanafunzi wa baiolojia, kinga ya mwili huelezwa kama kambi: askari wako langoni, raia wana vitambulisho, mgeni asiye nacho anakamatwa. Mfano huo unaingia akilini upesi, lakini umezaa madai ambayo ukiyafuata hadi kwenye utando wa seli yenyewe hayasimami. Nitayajibu yale yanayorudiwa zaidi. Karibu yote yanatokana na dhana kwamba protini za kinga zilizo juu ya seli zilibandikwa hapo zikatulia, ilhali zinaundwa, zinapandishwa, zinateremshwa na kuvunjwa usiku na mchana, na kazi yake nzima inategemea mwendo huo.

"Kila seli imepigwa muhuri wa mwenyewe, na muhuri huo haubadiliki."

Protini zinazokusudiwa hapa ni za kundi la HLA, ambazo jeni zake zimo katika kromosomu ya 6. Ni kweli kwamba jeni hizo tunazirithi kwa wazazi na tunakufa nazo. Protini zenyewe ni habari nyingine. Molekuli ya HLA ya daraja la kwanza ina sehemu tatu. Kuna mnyororo mzito uliopenya utando wa seli. Kuna protini ndogo ya asidi amino 99, beta-2 mikroglobulini, ambayo haigusi utando kabisa. Imeuegemea tu mnyororo mzito. Na kuna kipande kifupi cha protini nyingine, peptidi, chenye asidi amino nane hadi kumi kwa kawaida, kilicholala juu kabisa. Sehemu hizi zinashikiliana. Peptidi ikichomoka, beta-2 mikroglobulini nayo hulegea, mnyororo mzito hupoteza umbo lake, na seli huuvuta ndani na kuuvunja.

Jambo hili lilionekana wazi kwenye seli za panya zenye hitilafu, zinazojulikana maabara kwa jina la RMA-S. Seli hizo haziwezi kupitisha peptidi hadi mahali zinapopakiwa. Katika nyuzijoto 37, yaani joto la mwili, utando wake ulikuwa karibu mtupu. Zilipowekwa katika nyuzi 26, molekuli tupu zisizo na peptidi zikapanda juu na kukaa. Joto lilipopandishwa tena, zikasambaratika. Ripoti ya Hans-Gustaf Ljunggren na wenzake kuhusu molekuli hizo tupu ilitoka mwaka 1990. Kwa hiyo muda ambao molekuli moja ya HLA inakaa juu ya seli huamuliwa kwa sehemu kubwa na mzigo iliobeba. Peptidi iliyoshikwa barabara huidumisha kwa saa nyingi, na iliyoshikwa ovyo huiangusha mapema.

Asiyependa habari za panya aende kwenye kitengo cha kusafisha damu. Beta-2 mikroglobulini inayobanduka kutoka kwenye seli huingia katika damu, na figo nzima huichuja na kuiondoa. Figo zikifa, protini hiyo haina pa kwenda. Mwaka 1985 watafiti wa Japani walionyesha kwamba uchafu mgumu uliokuwa ukijikusanya katika viungo vya watu waliosafishwa damu kwa miaka mingi, ukiwabana mishipa ya fahamu ya kiganja na kuwaumiza mabega, ulitokana na protini hiyo hiyo. Haukuja na chakula wala na mashine. Ulikuwa mabaki ya kile kinachoitwa muhuri wa kudumu, yanayodondoka kutoka kwenye seli za mwili mzima kila siku. Sijui ushahidi mzito kuliko huo kwamba protini hizi hazitulii.

"Seli T hukitambua kirusi kwa sura yake."

Sifa hiyo ni ya kingamwili, zile protini zinazoelea katika damu na kushika kirusi kizima kwa nje. Seli T, chembe nyeupe za damu zinazokagua seli nyingine, hazioni kirusi kizima hata siku moja, na historia ya kugundua hivyo ni tamu kiasi kwamba nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 1974, huko Canberra nchini Australia, Rolf Zinkernagel na Peter Doherty walichukua seli T za panya aliyeambukizwa virusi vya uti wa mgongo na ubongo vya panya, wakazichanganya na seli nyingine zilizoambukizwa virusi vilevile. Mtu angetarajia zishambulie kila seli yenye virusi. Hazikufanya hivyo. Zilishambulia seli zilizoambukizwa za panya wa ukoo wao tu. Zile za ukoo mwingine, ingawa virusi vilikuwa ni vilevile, ziliachwa salama. Maana yake, seli T ilikuwa ikiangalia vitu viwili kwa pamoja: alama ya kirusi na molekuli ya mwili wenyewe. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Lakini vitu viwili hivyo vilikutana vipi? Mwaka 1986 Alain Townsend na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba seli T za mafua ziliweza kuamshwa na vipande vifupi vilivyotengenezwa maabara, vinavyofanana na sehemu za protini iliyo ndani kabisa ya kirusi. Protini hiyo haikai juu ya kirusi. Kingamwili haiwezi kuifikia kirusi kikiwa kizima. Mwaka uliofuata, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Pamela Bjorkman, akiwa pamoja na Jack Strominger na Don Wiley, alichapisha umbo la HLA-A2 lililopigwa kwa mionzi ya eksirei. Juu ya molekuli palikuwa na sakafu ya nyuzi nane, na kingo mbili zilizojisokota zikiizunguka, katikati mfereji mwembamba. Ndani ya mfereji palikuwa na kitu. Hakikuweza kusomeka, kwa sababu kilikuwa mchanganyiko wa mamia ya peptidi tofauti zilizoshikwa na molekuli tofauti. Wengine wangeona ni doa la picha. Kumbe lile doa ndilo lililokuwa jibu la swali la Canberra.

Tangu hapo njia nzima imeeleweka. Protini zilizo ndani ya seli hukatwakatwa na mashine iitwayo proteasomu. Pampu iitwayo TAP huvipitisha vipande hadi kwenye vifuko ambamo HLA mpya zinakunjwa. Wasaidizi kama tapasini hushikilia mfereji wazi mpaka kipande kinachofaa kinase. HLA-A2, kwa mfano, hupendelea peptidi yenye leusini katika nafasi ya pili na leusini au valini mwishoni. Iliyopakiwa vizuri ndiyo inayoruhusiwa kupanda juu. Jonathan Yewdell alipendekeza mwaka 1996 kwamba sehemu kubwa ya vipande hivyo hutoka kwa protini zilizoharibika zikiwa bado zinaundwa, wala si zile zilizozeeka. Pendekezo hilo linaeleza jambo ambalo vinginevyo ni fumbo: protini ya kirusi inaweza kudumu siku kadhaa ndani ya seli, na hata hivyo vipande vyake huonekana juu mapema sana baada ya maambukizi.

Kama ni lazima tupate mfano, basi afadhali genge la mboga kuliko kitambulisho. Kilichopangwa mbele ni sampuli ya kilichoingia leo; cha jana kimeondolewa. Seli T inapita mbele ya seli na kukagua kilichopangwa, na molekuli chache sana zenye kipande cha kigeni, kati ya laki nzima au zaidi zilizo juu, zinatosha kuiamsha.

"Basi hakuna seli inayoweza kujificha."

Zipo. Chembe nyekundu za damu zilizokomaa hazina kiini, haziundi protini mpya, na karibu hazina HLA. Kimelea cha malaria kikiingia humo, seli T ya kuua haina cha kukagua. Nafasi yake ni kabla ya hapo, katika zile siku chache kimelea kikiwa ndani ya seli za ini, ambazo zina HLA kamili. Mwaka 1991 Adrian Hill na wenzake waliripoti kutoka Gambia kwamba watoto wenye HLA-B53 walipatwa na malaria kali kwa uchache kuliko wenzao, na baadaye kipande cha protini ya hatua ya ini kikaonekana kuingia katika mfereji wa molekuli hiyo. Ndani ya damu vita ni vingine: kimelea chenyewe hupandisha protini zake juu ya chembe nyekundu, kikizibadilisha kutoka akiba ya jeni zipatazo 60, na kingamwili zinakimbizana nazo.

"Protini nyingi zaidi za kinga juu ya seli ndiyo kinga imara zaidi."

Dai hili ndilo linalouza chupa na unga. Kwamba utapiamlo hudhoofisha kinga ni kweli. Mtoto anayekosa protini, vitamini A au zinki huugua zaidi, na kumlisha ni tiba. Ila kutoka hapo hadi kumwambia mtu mzima anayekula vizuri kwamba kijiko cha unga fulani "kitapandisha" kinga yake ni kuruka mto bila daraja. Seli hupandisha HLA zenyewe zinapopata ishara, hasa ile ya intaferoni gama wakati wa maambukizi, na huteremsha hatari ikipita. Zikibaki juu bila sababu, si neema.

Tazama seli za dendriti, zile zinazokusanya vipande vya wavamizi na kuvipeleka kwenye tezi kuzionyesha seli T. Zikiwa changa, molekuli zao za HLA za daraja la pili, zinazoonyesha vipande hivyo, hupanda na kurudishwa ndani haraka. Kimeng'enya kinachoitwa MARCH1 huzibandika alama ya kuvunjwa. Mwaka 1997 kundi la Antonio Lanzavecchia lilipima muda ambao nusu ya molekuli hizo hutoweka: takriban saa 10 katika seli changa, na zaidi ya saa 100 seli ikishapata ishara ya hatari. Uundaji wa protini uliongezeka kwa muda mfupi tu. Baada ya hapo seli ilipunguza kuzivunja, ili ilichokutana nacho wakati wa hatari kibaki mbele ya macho hadi seli T inayofaa ifike. Kwa hiyo swali la maana ni protini ipi inadumu, lini, na ikiwa na mzigo gani. Wingi wenyewe hausemi mengi.

Na kinyume chake pia hakikubaliki, kwamba kirusi kikiziondoa HLA kimeshinda. Virusi vingi vinajaribu. Sitomegalovirusi ya binadamu ina protini US2 na US11 zinazoukamata mnyororo mzito ukiwa mpya na kuurudisha ndani ya seli uvunjwe kabla haujafika juu. Virusi vya malengelenge huziba pampu ya TAP. Lakini mwili una seli uaji asilia, ambazo hushtuka zinapokuta utando usio na HLA. Klas Kärre wa Sweden ndiye aliyelijenga wazo hilo katika miaka ya 1980. VVU vinalijua hilo kwa namna yake. Protini yake iitwayo Nef huziondoa HLA-A na HLA-B, ambazo huziletea seli T za kuua vipande vingi vya virusi, na kwa kiasi kikubwa huiacha HLA-C, ambayo huzituliza seli uaji asilia. Ujanja wa kiwango hicho hautoki kwa kirusi kinachoshindana na "muhuri".

"CD4 zako zimepanda, kinga yako imerudi."

Kauli hii imewapa watu wengi moyo kwenye kliniki za tiba na matunzo, na siichezei. Ila inachanganya mambo matatu. Kwanza, CD4 ni protini, si askari. Ina vipande vinne vilivyopangana kuelekea nje ya seli T msaidizi, na kazi yake ya asili ni kushika HLA za daraja la pili wakati seli T inakagua kilichomo mferejini. VVU hukishika kipande cha kwanza kabisa, cha nje, na hivyo ndivyo vinavyopata mlango. Kwamba VVU huingia kwa kutumia CD4 kumejulikana tangu 1984. Monositi na makrofaji nazo zina CD4, ndiyo maana nazo huambukizwa.

Pili, kinachohesabiwa kliniki ni seli zilizobeba protini hiyo katika mikrolita moja ya damu, wala si protini zenyewe. Tatu, limfosaiti zilizomo katika damu wakati wowote ni asilimia ndogo sana, kama 2, ya zote zilizomo mwilini. Nyingine ziko kwenye tezi, utumbo na bandama. Hesabu hupanda na kushuka kwa saa ya siku, kwa homa, kwa ujauzito. Mtu aliyetoka 420 akapata 380 hajaporomoka, na aliyetoka 380 akapata 420 hajapona. Ndiyo sababu wingi wa virusi katika damu ndicho kipimo kinachofuatiliwa kwanza kwa anayetumia dawa za kufubaza VVU, na tangu 2015 Shirika la Afya Duniani limeelekeza dawa zianzishwe bila kungoja CD4 zishuke. Hesabu ya chini ya 200 bado ni taarifa nzito, kwa sababu hapo ndipo magonjwa nyemelezi yanapopata nafasi.

Na mzunguko wa kuunda na kuvunja upo hapa pia: ndani ya seli iliyoambukizwa, Nef huzivuta CD4 kutoka juu ya utando na Vpu huzivunja zile mpya kabla hazijapanda. Kirusi kinakwangua mlango ule ule kilioingilia.

"Mwili ukishamjua adui, hausahau."

Majengo, Pumwani, Nairobi, wanawake wanaofanya biashara ya ngono wamefuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1980, na baadhi yao hawakuambukizwa VVU licha ya kukutana navyo mara kwa mara. Ndani ya damu ya baadhi yao zilikutwa seli T za kuua zinazotambua vipande vya VVU. Habari hiyo ilienea sana. Isiyoenea ni ripoti ya 2001: baadhi ya wanawake hao waliambukizwa baadaye, ingawa walikuwa na seli hizo, na maambukizi yao yalihusiana na kupunguza au kusitisha kazi kwa muda. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mwitikio ule ulihitaji kuamshwa tena na tena. Kumbukumbu ya surua hudumu miaka mingi sana, hii haikudumu. Anayetangaza kanuni moja kwa magonjwa yote anatangaza asichokijua.

"Damu zikilingana, figo itakubali, tena lazima mtoaji awe ndugu."

Kwa kawaida kundi la damu la ABO hutakiwa liendane. Lakini ni mwanzo tu, kwa sababu figo imejaa seli zenye HLA. Kati ya ndugu wa baba na mama mmoja, uwezekano wa kulingana HLA zote ni robo, kulingana nusu ni nusu, na kutolingana kabisa ni robo. Kwa hiyo kaka unayempenda anaweza kuwa mgeni kabisa wa HLA zako, na mke asiye na udugu na mumewe anaweza kumpa figo inayodumu vizuri, maadamu kipimo cha kuchanganya damu kinaonyesha mpokeaji hana kingamwili dhidi ya mtoaji. Upandikizaji wa figo uliofaulu mwaka 1954 Boston, chini ya Joseph Murray, ulifanywa kati ya pacha waliofanana, na ndiyo sababu ulifaulu kabla dawa za kupunguza nguvu ya kinga hazijawa tayari. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza huduma hiyo mwaka 2017, zama za dawa hizo.

Mara nyingi mgonjwa huuliza kwa nini dawa ni za maisha. Je, mwili hautaizoea figo? Jibu limo kwenye mzunguko uleule. Seli za figo ile zinaendelea kusoma jeni za mtoaji na kupandisha HLA za mtoaji kila siku. Zilizokuwepo siku ya upasuaji zilishavunjwa zamani. Hakuna siku ambayo ugeni wake unachakaa.

"HLA ni mambo ya maabara za Ulaya."

Abakavia ni dawa ya VVU inayotumika Afrika Mashariki, hasa kwa watoto. Kwa mwenye HLA-B*57:01, dawa hiyo inaweza kuingia ndani ya mfereji wenyewe, ikalala chini ya peptidi na kubadilisha aina ya vipande vinavyoshikika. Ghafla seli zake zinaonyesha vipande vya mwili wake mwenyewe ambavyo seli T hazijapata kuviona, nazo hushambulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wenye wagonjwa 1,956 kutoka nchi 19, ulionyesha kwamba kupima HLA kabla ya dawa kuliondoa kabisa mizio iliyothibitishwa kwa kipimo cha ngozi.

Wengi wa wagonjwa hao walikuwa Wazungu, na hapo ndipo dhana ilipozaliwa kwamba B*57:01 ni ya Wazungu. Katika takwimu za kijenetiki zilizojadiliwa mwaka 2010, aina hiyo haikuonekana kwa Wayoruba wa Nigeria, ilikuwa asilimia 3.3 kwa Waluhya wa Kenya, na asilimia 13.6 kwa Wamaasai wa Kenya. Neno "Mwafrika" halimwambii daktari chochote hapa. Pale ambapo kipimo hakipatikani, mzazi anayepewa dawa hii aelezwe dalili kabla hajatoka kliniki: homa, upele, kutapika, maumivu ya tumbo, kikohozi au kubanwa pumzi, hasa ndani ya wiki sita za kwanza, zikija kadhaa kwa pamoja na kuzidi kila dozi inapotolewa. Arudi kliniki mara moja, asiamue peke yake. Na daktari akishaisimamisha kwa sababu hiyo, abakavia haianzishwi tena, kwa sababu mara ya pili mwili hujibu ndani ya saa chache, na unaweza kuua.